Mmiliki Aliye Mpangaji

Mwezi Desemba 1968, Herman Petty alichukua mgahawa wa McDonald's, kampuni ya Marekani ya kuuza hambaga, upande wa kusini wa Chicago, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kumiliki tawi la kampuni hiyo. Ilikuwa imepita miezi minane tu tangu Martin Luther King, kiongozi wa kupigania haki za watu Weusi, auawe mjini Memphis, na ghasia zilizofuata mauaji hayo ziliwafanya wafanyabiashara wengi Wazungu watafute namna ya kuondoka katika mitaa ya watu Weusi. Wapo wanaouita umiliki huo wa matawi ukombozi wa kiuchumi wa watu Weusi, lakini siyakubali masimulizi yanayoanza na ukarimu wa kampuni: mlango ulifunguliwa pale waliokuwa ndani walipotaka kutoka. Mahali pengine ulifunguliwa kwa kushurutishwa, kama Cleveland mwaka 1969, ambako wakazi waliisusia migahawa ya McDonald's ya upande wa mashariki wakidai iuzwe kwa watu Weusi.

Rais Nixon naye aliunga mkono kile kilichoitwa ubepari wa watu Weusi, na mwaka huohuo wa 1969 serikali yake ikaunda ofisi ya kusaidia biashara za jamii za wachache. Watu walikuwa wamedai makazi bora, shule na ulinzi wa sheria. Sehemu ya jibu walilopewa ikawa mkopo wa kufungulia duka la hambaga.

Tuutazame mkataba wenyewe. Katika mfumo wa franchaizi, yaani mtu kuendesha tawi lake kwa jina la kampuni, mwenye tawi hulipa ada ya kuingia, kisha hutoa asilimia ya mauzo yake. McDonald's iliongeza jambo moja tangu miaka ya 1950: yenyewe hushika ardhi au jengo, na mwenye tawi huilipa kodi. Kwa hiyo yule anayeitwa mmiliki ni mpangaji. Tena asilimia hiyo hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida, hivyo katika mtaa ambako bima ni ghali na walinzi ni lazima, kampuni hupata fungu lake hata mwezi ambao mwenye tawi hakubakiwa na kitu. Mwaka 2020, wamiliki Weusi wa zamani zaidi ya hamsini waliishtaki McDonald's wakidai kwamba walisukumiwa kwenye maeneo ya aina hiyohiyo, lakini kampuni ilikana.

Simdharau Petty wala wenzake walioanzisha chama chao mwaka 1972 ili kuitetea haki yao mbele ya kampuni. Waliajiri vijana ambao wengine hawakuwataka, na baadhi yao walitajirika kwa jasho halali. Ninachokipinga ni kuuita mpango huo ukombozi wa kiuchumi, ilhali mkataba wa kawaida ni wa miaka 20, na mtoto aliyekulia nyuma ya kaunta ya baba yake hawezi kuurithi mgahawa huo mpaka kampuni iridhie.