Helikopta za rimoti: acheni kukimbilia mAh kubwa

Swali ninaloulizwa zaidi na wenzangu wa Arusha wenye helikopta ndogo za rimoti ni hili: "Betri ipi ina mAh nyingi?" mAh ni kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri inahifadhi, na kwa maoni yangu hilo ni la kuuliza mwisho kabisa. Uliza volti kwanza, kisha weka betri kwenye mizani.

Simu ukiiwekea betri nene hupati hasara, inakaa mfukoni tu. Helikopta inaibeba betri yake hewani, na kila gramu unayoongeza mota inalipia kwa umeme. Mwanzoni mAh zaidi hukuongezea dakika kweli. Ukizidisha, mota zinachemka, mkia unaanza kuyumba, na dakika ulizozinunua huzioni.

Kwetu hapa jambo hili ni zito kuliko pwani. Arusha iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13. Pangaboi hunyanyua helikopta kwa kusukuma hewa chini. Hewa ikiwa nyepesi lazima lizunguke kwa kasi zaidi, na mota ivute umeme mwingi zaidi. Ndiyo maana helikopta iliyokuwa inapaa vizuri Dar ikifika Njiro, hapa Arusha, inaonekana imechoka. Mwenyewe anailaumu betri, ananunua kubwa zaidi, na mzigo unazidi. Moshi kuna nafuu kwa kuwa iko chini kuliko sisi, ingawa jua la mchana kule nalo linaifanya hewa kuwa nyepesi. Ruka asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Kwenye volti hakuna mjadala. Seli moja ya LiPo, aina ya betri ya lithiamu inayotumiwa na helikopta hizi, huandikwa volti 3.7, na ikijaa inafika 4.2. Helikopta za kiganjani hutumia seli moja, yaani 1S. Zinazofuata hutumia mbili, volti 7.4, zile za kundi la T-Rex 450 hutumia tatu, volti 11.1. Lebo ikiwa imefutika, hesabu nyaya za ile plagi ndogo nyeupe ya kusawazisha chaji: nyaya tatu ni seli mbili, nyaya nne ni seli tatu. Ukichomeka 3S kwenye mashine ya 2S unaipelekea volti 12.6 badala ya 8.4, na harufu ya saketi iliyoungua utaisikia kabla hujashika rimoti.

Halafu kuna huu mtindo wa kupeleka helikopta kwa fundi simu afunge betri ya simu. Fundi anapima, anakuta volti 3.7, anasema inaingia. Kwa upande wa volti yuko sahihi kabisa, na hapo ndipo mtu anapoponzwa. Chukua BL-5C ya Nokia, ile ya mAh 1,020: ina uzito wa kama gramu 20, wakati betri ya 1S ya mAh 150 ni gramu 4 hivi. Tena betri ya simu imezoea kutoa umeme kidogo kidogo, na helikopta inataka mwingi kwa mkupuo. Taa itawaka, pangaboi litazunguka, lakini haitanyanyuka mezani.

Uwezo wa mkupuo ndiyo ile namba yenye herufi C. Betri ya mAh 1,000, yaani ampia-saa 1, yenye 25C inadai kutoa mara 25 ya hiyo, ampia 25. Nasema inadai kwa sababu namba hiyo ni rahisi sana kuichapa kwenye plastiki, na mimi siiamini mpaka nipime uzito. Betri ya kweli ya 3S ya mAh 2,200 kwa kawaida inacheza kati ya gramu 170 na 190. Ukiletewa iliyoandikwa 3,000 na C za kutisha, halafu ina uzito uleule wa 2,200, rudisha. Mizani ndogo za dijitali kama za wauza tanzanite zinatosha kabisa kwa kazi hii, na mji huu hauna uhaba nazo.

Plagi nayo ina fitina zake. Kwenye betri hizi ndogo, plagi inaweza kuingia bila shida kumbe chanya na hasi zimepishana, kwa sababu kila mtengenezaji ana mpangilio wake. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka, usitegemee rangi. Ukilazimika kubadilisha plagi, kata na ulehemu waya mmoja mmoja. Ukikata yote miwili kwa mkasi mmoja umepiga shoti.

Pesa ya betri moja kubwa mimi ningenunulia mbili za saizi iliyopendekezwa na mtengenezaji. Ya kwanza ikiisha, mota zinapumzika na kupoa wakati unabadilisha. Kama huruki wiki nzima, ziache kwenye volti 3.8 kwa seli, si zikiwa zimejaa.

Kuzipata ndiyo kazi. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kupakiwa kama mzigo kwenye ndege za abiria, kwa hiyo usishangae oda yako ikikwama. Abiria mwenyewe anaruhusiwa kubeba za akiba kwenye mkoba wa mkononi, kila moja isizidi Wh 100 (Wh ni volti mara mAh, gawanya kwa 1,000), na hiyo 3S ya mAh 2,200 ina kama 24 tu. Ukiwa na ndugu anayerudi kutoka Dubai, mwombe azifunge ncha kwa utepe, kila moja kwenye mfuko wake, na asiziweke kabisa kwenye begi la chini. Na azibonyeze dukani kabla ya kulipa: iliyoanza kuvimba aiache hapohapo, hata kama muuzaji anapunguza bei.