Mwandishi na Mganga Wasikutane Msibani Tu

Katikati ya Januari 2025, nikiwa zamu ya usiku katika hospitali ninayofanyia kazi hapa Uingereza, simu yangu ilianza kujaa ujumbe kutoka nyumbani Tanzania. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa taarifa ya ugonjwa uliodhaniwa kuwa Marburg, homa kali ya virusi inayoua, mkoani Kagera, na ndugu zangu walitaka kujua kama ni kweli. Muda mfupi baadaye Wizara ya Afya ikaeleza kwamba sampuli zilizopimwa hazikukutwa na kirusi hicho. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika wilayani Biharamulo. Ndani ya wiki moja watu wangu walisikia kwamba upo, haupo, upo. Mama mdogo alinitumia ujumbe wa sauti mfupi sana: "Sasa mwanangu, tumwamini nani?"

Sidhani kwamba kuna aliyesema uongo. Kipimo cha maabara hujibu kuhusu sampuli iliyoletwa mezani, hakijibu kuhusu wilaya nzima. Waliopimwa Jumatano wakikutwa salama, hiyo si dhamana ya atakayepimwa Jumapili. Muuguzi yeyote analijua hilo. Lakini kati ya muuguzi anayelijua na mama mdogo anayelihitaji ilipaswa awepo mtu wa kulieleza, na mtu huyo ni mwandishi wa habari. Katika habari nilizotumiwa wiki ile sikukuta hata moja iliyouliza sampuli zilikuwa ngapi, zilichukuliwa lini na kutoka kwa akina nani. Zote zilikuwa tamko la wizara lililopachikwa kichwa cha habari.

Miaka niliyoishi ugenini imenishawishi kwamba kinachotutenga na wenzetu katika jambo hili si elimu ya madaktari wala uhodari wa waandishi. Huku mwandishi wa afya ana namba ya simu ya mtaalamu kabla ugonjwa haujaingia, na mtaalamu anamjua mwandishi huyo kwa jina na kwa kazi zake. Kwetu wawili hawa hukutana watu wakishakufa, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Naongea kwa kuwa nimewahi kuwa upande mmoja wa woga huo. Kabla ya kuondoka nilikuwa muuguzi katika kituo cha afya cha serikali, na msimu mmoja wa mvua tulipokea watoto wengi wenye kuhara na kutapika, wawili wakafariki. Akaja kijana wa redio ya jamii na kinasa sauti chake, akaniambia kwa adabu, "Sista, naomba dakika mbili tu, niwaambie watu wafanye nini." Nilikuwa na la kumwambia: maji yachemshwe, mtoto aanzishiwe ORS, ile dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, mara anapoanza kuharisha, na asisubirishwe nyumbani macho yakishaanza kudidimia. Sikuthubutu. Nilimpeleka kwa mganga mfawidhi, yaani kiongozi wa kituo, naye akamtaka alete kibali cha mganga mkuu wa wilaya, na wilayani wakamwambia aandike barua. Jioni taarifa ya habari ilikuwa inamsubiri, kwa hiyo akawahoji watu aliowakuta langoni. Asubuhi wilaya nzima ikasikia kwamba ugonjwa wa ajabu unaua watoto katika kituo chetu. Wiki ile wazazi walioleta watoto walipungua, wakati sisi tuliomba waongezeke, na waliofika walifika wamechelewa.

Kwa muda mrefu nilimlaumu kijana yule. Leo naona kwamba alikuwa akilipwa kwa kila habari inayorushwa, hakuwa na mshahara wa kumwezesha kusubiri barua ijibiwe, na hakuna aliyewahi kumweleza tofauti ya kipindupindu na kuhara kwa kawaida. Mganga mfawidhi naye hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kumwona mwenzake akihamishwa ghafla baada ya kusema redioni kwamba dawa zimepungua, na hilo lilimtosha. Tukaegemea siri ya mgonjwa. Siri hiyo ni haki ya mgonjwa na sitaki iguswe, ila kwetu imegeuzwa pazia la kufunikia hata idadi ya dripu zilizobaki stoo.

Nisije nikaeleweka kwamba huku kila muuguzi hupiga soga na magazeti. Hata hapa siruhusiwi kuzungumza na mwandishi kwa niaba ya hospitali. Maswali yote hupitia kitengo cha mawasiliano. Tofauti ni kwamba kitengo hicho kina mtu wa zamu hata usiku, na mtu huyo anafahamu kwamba jibu litakalofika baada ya habari kuchapishwa ni sawa na kutojibu. Nje ya hospitali kuna taasisi iitwayo Science Media Centre, iliyoanzishwa jijini London mwaka 2002, ambayo kazi yake ni kuwakutanisha wanasayansi na waandishi. Ina orodha ya wataalamu waliokubali kupigiwa simu. Habari ya chanjo au ya kirusi kipya ikizuka, hukusanya maoni yao na kuyafikisha katika vyumba vya habari ndani ya saa chache, mhariri akiwa bado hajafunga ukurasa.

Hawakufika hapo kwa hekima ya kuzaliwa nayo. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet makala iliyohusu watoto 12 tu, naye akaitumia kuwatia watu hofu kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela ina uhusiano na usonji. Magazeti yalilibeba suala hilo kwa miaka kana kwamba ni mjadala wa pande mbili zenye uzito sawa. Madaktari wengi waliamini kuwa ukweli utajitetea wenyewe, na haukujitetea: kufikia mwaka 2003 na 2004 watoto waliopata chanjo hiyo nchini England walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 80, na surua iliyozuka mjini Swansea na maeneo jirani mwaka 2012 na 2013 ilipata zaidi ya watu elfu moja. Aliyefichua udanganyifu uliokuwa ndani ya utafiti ule hakuwa baraza la madaktari. Alikuwa mwandishi wa habari, Brian Deer, aliyeanza kuchapisha uchunguzi wake mwaka 2004; Lancet iliifuta makala hiyo mwaka 2010. Nikiwasikia wauguzi wenzangu wa nyumbani wakisema waandishi ni wachochezi, hukumbuka kwamba kalamu ileile iliyoeneza hofu ndiyo iliyoiumbua, baada ya mwandishi mmoja kujifunza kusoma kumbukumbu za hospitali na kuuliza maswali ya kitabibu.

Ukaribu nao una sumu yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzao walipitia taarifa 462 ambazo vyuo vikuu vya Uingereza vilizitoa kwa vyombo vya habari kuhusu utafiti wa afya, wakakuta asilimia 40 zina ushauri uliotiwa chumvi kuliko utafiti wenyewe ulivyosema; na pale taarifa ya chuo ilipotia chumvi, gazeti nalo lilielekea kuitia. Yaani aliyepotosha mara nyingi alikuwa mtaalamu, mwandishi akanakili. Kwetu sumu hiyo ina jina lingine, bahasha. Mwandishi aliyelipwa posho na wizara, shirika au hospitali binafsi ili ahudhurie uzinduzi atapata shida kurudi baada ya miezi sita kuuliza ule mradi umefikia wapi. Ninapotetea kuwakutanisha watu hawa sina maana ya kuwafanya marafiki. Namaanisha wafahamiane kiasi cha kuulizana maswali magumu bila kugombana.

Na nyumbani tumewahi kufanya vizuri. Julai 2022 wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kutokwa damu puani na kuishiwa nguvu. Mganga Mkuu wa Serikali alitoka mapema akasema wazi kwamba ugonjwa bado haujatambuliwa, akataja yaliyokwisha kuondolewa katika orodha, yakiwemo Ebola, Marburg na Uviko-19, na akaeleza kuwa wataalamu wako kijijini. Siku chache baadaye Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kuwa ni homa ya mgunda (leptospirosis), wakati huo wagonjwa wakiwa 20 na waliofariki watatu. Uvumi haukukosekana, lakini waandishi walikuwa na cha kuandika kila hatua, hata kile ambacho bado hakijajulikana. Ukilinganisha na mwaka 2020, pale takwimu za Uviko-19 zilipokoma zikionyesha wagonjwa 509 na vifo 21, utaona kwamba wataalamu na waandishi walikuwa walewale. Kilichobadilika ni ruhusa ya kusema.

Kuna jambo dogo ambalo hapa Uingereza hawalazimiki kulifikiria, nalo ni lugha. Daktari wetu amesomea ugonjwa kwa Kiingereza, mwandishi anautangaza kwa Kiswahili, na tafsiri hufanyika ndani ya dakika kumi bila mashauriano. Ndiyo maana mtu anayehisiwa kuwa na maambukizi huitwa "mshukiwa", neno ambalo msikilizaji amezoea kulisikia katika habari za polisi, kisha tunashangaa majirani wakimtenga. "Matokeo hasi" humfurahisha mtu wa maabara, lakini kwa bibi aliye kijijini hasi ni jambo baya. Baba mmoja aliyeambiwa majibu ya mwanawe ni hasi alikaa chini akaanza kulia mbele yangu, nami ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Kama mhariri mmoja na daktari mmoja wangekaa mezani mchana mmoja tu, wangekubaliana kusema "hana maambukizi" na "anayehisiwa kuwa na ugonjwa", na redio zote za mkoa zingefuata.

Semina za siku tatu hotelini, zenye mabango na picha ya pamoja, siziamini. Nimehudhuria za kutosha. Ningependelea mganga mkuu wa mkoa akutane na waandishi wa mkoa wake kila mwezi, hata mwezi usio na habari, na kila ofisi itaje mtu mmoja wa kujibu simu pamoja na muda ambao lazima awe amejibu. Wanafunzi wa uandishi wapelekwe wodini kwa wiki kadhaa, na madaktari wanafunzi wakae chumba cha habari waone saa inavyomkimbiza mhariri.

Linalonigusa zaidi ni kibali. Idadi ya vifo na jina la ugonjwa vinaweza kusubiri wilaya au wizara, kwa kuwa kosa katika mambo hayo huleta taharuki na wakati mwingine hugusa mipaka ya nchi. Ushauri wa kinga hauna sababu ya kusubiri. Mganga mfawidhi apewe kibali cha kudumu, kilichoandikwa na kubandikwa ukutani, kinachomruhusu yeye au muuguzi aliyemteua kumwambia mwandishi yeyote, saa yoyote, jinsi ya kujikinga na dalili za kumkimbiza mtoto kituoni. Kijana yule wa redio hakuomba takwimu. Aliomba dakika mbili za kuwaambia watu wachemshe maji.

Wazo hili nilimpelekea kwa simu aliyekuwa muuguzi mwenzangu wakati ule, ambaye sasa anasaidia uongozi wa kituo kingine. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema ni wazo zuri sana, na akanishauri nimwandikie barua mganga mkuu wa wilaya.