Nyuki wa Simtanki

Kwanza niseme, muziki ule ulikuwa mzuri. Msimamo wangu ni huo huo hata leo, ingawa mtaa mzima hapa Chang'ombe, Dodoma, wananiita Nyuki, na watoto wakiniona wanaanza: vuuuu.

Yote yaliletwa na singeli. Mimi singeli nilikuwa naijua ile ya vigodoro na ya kwenye bajaji, ile ambayo abiria mzima akishuka anahisi kama amekimbizwa. Kuja kusikia, kuna lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, mwaka 2017 ilitoa mkusanyiko unaoitwa Sounds of Sisso, kazi za vijana wa studio ya Sisso kule Mburahati, Dar es Salaam, na huko Ulaya watu wanatoa kiingilio kwenda kurukishwa na midundo inayopita mapigo 200 kwa dakika. Mburahati! Nimekaa pale kwa shangazi, nikawa kila Jumamosi nafunga dirisha nilale. Kumbe nafungia nje muziki wa kimataifa, tena wa bure.

Nikazama. Usiku nasoma, mchana nasinzia kazini. Nikakutana na Halim El-Dabh, Mmisri, ambaye mwaka 1944 pale Cairo alibeba mashine ya kurekodi kwenye waya, akaenda kunasa sauti za akina mama kwenye ngoma ya kupunga pepo, halafu akarudi studio za redio akaanza kuzichezea: hapa anapunguza, pale anaongeza mwangwi, mpaka ngoma ikawa kitu kingine kabisa. Ilikuwa miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer wa Ufaransa kutengeneza muziki wake wa sauti za treni. Nikajiuliza: Cairo wamepunga, Paris wamepanda treni, sisi Dodoma tunasubiri nini? Na wakati hapa kwetu ndiko alikotoka Hukwe Zawose, Mgogo aliyezunguka dunia na ilimba yake, na kabla hajafariki mwaka 2003 alikuwa ameshaipeleka hadi kwenye mitambo ya Mkanada Michael Brook.

Nikaanzisha podikasti. Wasikilizaji wa mwanzo walikuwa mimi, na mimi kwa simu nyingine.

Sasa, ilimba. Kwa wasioijua, ni ile marimba ya vyuma inayopigwa kwa vidole, na utamu wake ni kwamba haitoi sauti safi. Ubao wake una tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ukigusa chuma utando nao unanguruma. Babu mmoja wa Chamwino alinipigia, nikamrekodi kwa simu. Nikachukua mguso mmoja tu, sekunde nne, nikauingiza kwenye programu ya bure ya Audacity. Humo kuna kitu kinaitwa Paulstretch, kazi yake ni kurefusha sauti bila kuifanya iwe nzito kama ya jini. Sekunde nne zikawa dakika ishirini. Zile ngurumo za utando zikajitandaza zikawa mvumo mmoja usiokatika, mzito, unaozunguka. Nilisisimka mwili mzima.

Kilichobaki ni mwangwi. El-Dabh alikuwa na vyumba vya redio. Mimi nilikuwa na simtanki.

Nyumba yetu ya kupanga ina simtanki kubwa juu ya mnara wa matofali, na siku hiyo lilikuwa tupu kwa sababu maji yalikuwa hayajatoka. Nikasubiri saa ya mchana watu wakiwa wamejilaza, nikapanda. Nikafunga kwa kamba spika yangu ndogo ya memori kadi, nikaishusha mpaka katikati, ikiimba na kurudia yenyewe. Simu ya kurekodi nikaivisha soksi dhidi ya upepo wa Dodoma, nikaining'iniza mdomoni mwa tanki. Kwa vile hata kukohoa kwangu kungeharibu kazi, nikatoka nikaenda zangu njia panda kula chipsi mayai. Pale nikakuta ubishi wa Simba na Yanga. Unajua mwenyewe ubishi ule hauna saa.

Wakati wa kurudi nikapanda boda. Dereva akasimama mbali na geti, akakataa kusogea.

"Kaka, nyumba ile ina nyuki. Shuka hapa hapa."

Nyumba nzima ilikuwa barabarani. Mama mwenye nyumba kajifunika blanketi la manyoya, jua la saa tisa linawaka. Mtoto yuko chini ya beseni, anachungulia kwa upande. Fundi viatu kavaa helmeti ya bodaboda. Jirani yangu wa chumba cha pili kajitanda chandarua, anatembea taratibu kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Na juu ya yote, kutoka kwenye mnara, mvumo wangu: vuuuuuuu. Kwa kweli mwangwi ulikuwa umekubali. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile.

"Mama shikamoo, kwani..."

"Marahaba, nyamaza! Kundi zima limeingia tankini. Kiangazi hiki wanatafuta maji."

"Mama, wale sio nyuki. Ni muziki."

Akanitazama toka kwenye blanketi. "Muziki gani hauna mwimbaji?"

Kabla sijaeleza, akafika mzee mmoja anayeuza asali ya Singida pale njia panda. Walikuwa wamemwita kwa sababu ujana wake wote alikuwa mrina asali. Alikuja na kopo la moshi wa kinyesi cha ng'ombe na bei yake mdomoni: elfu thelathini. Mama akatangaza kwamba wapangaji tutachanga. Mzee akapanda bila wasiwasi, shati mikono mifupi, akamimina moshi ndani ya tanki mpaka ukawa unatoka juu kama kuna mtu anachoma mkaa humo.

Vuuuuuuu.

Akagonga tanki kwa kiganja. Vuuuuuuu. Akagonga tena, akainamisha sikio, uso ukabadilika.

"Ajabu," akasema kwa sauti ili wa chini wasikie. "Nyuki ukigonga mzinga wanapandisha sauti. Hawa hawajali. Tena wote wanaimba sauti moja, hakuna hata mmoja aliyepotea."

Nikasikia fahari, nakiri. Ndipo kipande kilipofika mwisho na kuanza upya, na ule mguso wa chuma ukasikika wazi: ting!

Mzee akatoa sikio. "Hee! Hawa nyuki wanapiga ilimba."

Akaingiza mkono, akavuta kamba, spika ikatoka ikiwa inaning'inia, inafuka moshi, bado inaimba. Barabara nzima ikanigeukia. Sijui walijuaje.

Nikajitetea kwamba hakuna nyuki waliotolewa, basi na malipo yapungue. Mzee akasema yeye aliitwa kutoa, na ametoa. Elfu thelathini ikawa yangu peke yangu. Maji yalipotoka, chai ya nyumba nzima ilinuka zizi, na kila aliyekunywa alikuwa akinywa huku ananitazama.

Lakini simu ilikuwa imerekodi kila kitu, kuanzia mtu wa kwanza kupiga kelele. Nikaipanga vizuri, nikaipandisha hewani, na kipindi kile kikapata wasikilizaji ambao sijaenda nao shule. Hata mama mwenye nyumba akataka kujisikia. Akakaa kwenye mkeka uani, spika za masikioni zimekaa juu ya kilemba, anacheka mwenyewe: "Ee! Hiyo mimi! Hapo nilikuwa natafuta blanketi!"

Halafu akaacha kucheka. Nikakumbuka dirisha la chumba cha pili limetazamana na mnara, na LUKU yetu tunachangia sawa kwa sawa, na masharti ya nyumba.

Akavua spika moja ya sikioni.

"Hapa kuna mtu anamwambia mkewe afiche hita kabla watu hawajaingia kutoa nyuki. Hita ya nani?"

Jirani alikuwa bombani anakinga maji. Akafunga koki, akaibeba ndoo ikiwa haijafika hata nusu, akaingia ndani, na mlango akaufunga kwa ufunguo.