Sheria ya kutelekeza watoto imfuate aliyelipwa korosho

Huku Newala, Tandahimba na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, baba anayetelekeza watoto mara nyingi si fukara wa mwaka mzima. Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba, malipo hupitia chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, hadi kwenye akaunti ya mkulima, na kila kilo ina karatasi yake. Fedha zinaonekana, ila sheria yetu ya jinai haizitazami. Inamshika aliyebaki na watoto na kumwacha aliyeondoka.

Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa mwaka 1998 na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, kinamhusu mwenye uangalizi wa mtoto wa chini ya miaka 18 anayemtesa, kutomjali au kumtupa. Adhabu ni jela miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Mwenye uangalizi ni nani? Ni mama, au bibi aliyeachiwa wajukuu wakati wenye nguvu wamehamia shambani kuokota korosho. Baba aliyehama atajitetea kwamba hakuwa na mtoto mikononi. Kifungu cha 166 kinamgusa mzazi wa namna hii, lakini kinaishia kwa mtoto wa chini ya miaka 14, tena lazima ithibitike kwamba alikuwa na uwezo na alikusudia.

Halafu kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, inayomtaka mzazi kutoa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Humo adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote. Mtoto yuleyule, njaa ileile, na tofauti ya miaka mingi jela inategemea hati ya mashtaka imeandikwa chini ya sheria ipi. Hii si haki kwa yeyote.

Nataka kosa moja, linalombana mzazi popote anapoishi. Uwezo wake upimwe kwa mapato ya msimu mzima. Anayeulizwa Machi husema hana kitu, na mfukoni kweli hana. Pikipiki aliyonunua Desemba haiulizwi. Amri ya matunzo ya kila mwezi nayo haiendani na mkulima anayelipwa kwa msimu: hulipa kidogo, kisha anaacha, na mama hana nauli ya kurudi mahakamani. Mahakama iagize makato kwenye malipo ya korosho kabla hayajamfikia, yatoshe sare na madaftari ya Januari na chakula cha masika. Jela ibaki kwa anayeficha mali au ambaye mtoto wake ameumia, kwa sababu mfungwa hapalilii mikorosho. Na mzazi asiye na kitu kweli apelekwe ustawi wa jamii, asishtakiwe.

Kabla sheria haijabadilika, mama asisubiri msimu uishe. Aende kwa afisa ustawi wa jamii mapema, akiwa na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, jina la chama cha msingi anakouzia baba, na risiti za matumizi ya mtoto. Jirani anayejua naye anabanwa na Sheria ya Mtoto kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Simu ya watoto ni 116.