Kahawa kwa Simu: Kulipa ni Jambo Moja, Kuagiza ni Jingine

Mhudumu wa mgahawa akisema programu ya kuagizia kahawa inamlemea, au mteja akisema amesimama mbele ya kaunta robo saa nzima huku vikombe vya watu asiowaona vikitangulia, huambiwa kwamba dunia imesonga na yeye amebaki nyuma. Jibu hilo linawaonea. Wengi wao hulipia kahawa kwa simu bila shida yoyote. Wanachokilalamikia ni kitu kingine kilichoingia kwa mlango huohuo: kuagiza ukiwa mbali, kabla hujafika dukani na kabla hujaiona foleni. Mambo haya mawili huuzwa kwa pamoja, hujadiliwa kwa pamoja, na ndiyo maana mjadala wenyewe hauishi.

Starbucks, kampuni ya Marekani ya migahawa ya kahawa, inafaa kuwa mfano, kwa kuwa ilianza la kwanza na kukaa miaka kadhaa kabla ya kuanza la pili. Januari 2011 iliruhusu malipo ya simu katika maduka yake yapatayo 6,800 nchini humo. Mteja aliweka pesa kwenye salio lake, akafika kaunta, akasema anachotaka, akaonyesha msimbo kwenye kioo cha simu na mashine ikausoma. Kilichobadilika ni pochi tu. Foleni ilibaki palepale, na mhudumu bado alimwona mtu anayemhudumia. Desemba 2014 ndipo ilipojaribu kuagiza kwa mbali mjini Portland, na kufikia Septemba 2015 huduma hiyo ilikuwa imeenea nchi nzima. Sasa mteja anachagua duka, kinywaji, ukubwa, aina ya maziwa na sharubati, analipa, anaonyeshwa makadirio ya muda, kisha anakuja kuchukua kikombe chenye jina lake.

Faida zake ni za kweli. Mfanyakazi mwenye mapumziko ya dakika kumi hawezi kuzimaliza tisa kwenye foleni. Kiziwi, mwenye kigugumizi na mgeni asiyejua lugha ya mji wanaagiza bila kuhangaika. Agizo linakuja limeandikwa, kwa hiyo maziwa ya lozi hayageuki ya soya kwa sababu ya kelele za mashine. Hakuna kutafuta chenji, na droo ya pesa haipungui jioni bila maelezo. Nchini China, Luckin Coffee, iliyoanzishwa 2017, ilijengwa juu ya msingi huu tangu siku ya kwanza: kila agizo linapitia simu, na maduka yake mengi ni vyumba vidogo vya kuchukulia tu. Ilianguka kwa aibu mwaka 2020 baada ya kufichuka kwamba ilibuni mauzo, ikaondolewa katika soko la hisa la Nasdaq, lakini mfumo wa kuagiza wenyewe haukufa. Mwaka 2023 mauzo yake nchini humo yaliipita Starbucks. Sababu moja inaeleweka kirahisi: pale foleni ni moja. Hakuna wa kaunta wa kushindana na wa simu.

Penye foleni mbili na mashine moja, hesabu inabadilika, na hapa ndipo watetezi wa programu hupita mbio.

Tuchukue duka lenye barista, yaani mtengeneza kahawa, mmoja kwenye mashine. Espreso pekee inahitaji kama gramu 18 za kahawa iliyosagwa, kusawazishwa na kushindiliwa, kisha sekunde 25 hadi 30 za maji kupita. Ongeza kuchemsha maziwa kwa mvuke hadi nyuzi 60 na kitu, kumimina, kufunika, kufuta bomba la mvuke. Kikombe kimoja cha kahawa ya maziwa kwa barista mwepesi tukikadirie sekunde 75. Hivyo ni vikombe 48 kwa saa, bila kupumua. Kaunta ikileta wateja 30 katika saa hiyo, hakuna tatizo. Simu zikiongeza maagizo 25 ya kikombe kimoja kimoja, jumla ni 55. Saa ikiisha vikombe saba havijatengenezwa, na anayeingia wakati huo ana karibu dakika tisa za kusubiri hata kabla cha kwake hakijaguswa. Saa ya pili ikiwa hivyohivyo, dakika zinakaribia kumi na nane. Na maagizo ya simu hayaji kimoja kimoja. Mtu mmoja ofisini huagizia wenzake watano pamoja naye, na agizo hilo moja linakula dakika saba na nusu za mashine.

Katika foleni ya watu, hali hii hujirekebisha yenyewe. Mpita njia anachungulia, anaona vichwa kumi na viwili, anaendelea na safari yake. Duka linapoteza mauzo ya kikombe kimoja, ila halipotezi uwezo wa kuwahudumia waliomo ndani. Foleni inayoonekana ni kizibo: inamwambia kila mtu, bila kulazimika kumwuliza mhudumu, kwamba hapa pamejaa. Anayeagiza akiwa kitandani au ndani ya basi haoni kitu. Kitufe chake kina rangi ileile duka likiwa tupu na duka likiwa limefurika, na pesa yake imeshapokelewa. Kampuni imeuza kikombe ambacho barista hana sekunde za kukitengeneza.

Haya yalionekana wazi mapema sana. Januari 2017 Starbucks iliwaeleza wawekezaji wake kwamba msongamano wa maagizo ya simu unawafanya baadhi ya watu waingie dukani, waone hali ilivyo, na kutoka bila kununua. Wakati huo maagizo ya simu yalikuwa asilimia 7 tu ya miamala ya maduka yake ya Marekani. Asilimia saba inaonekana ndogo mpaka uitazame kwa saa. Kwa siku nzima ni saba; ila saa za pilika, maduka zaidi ya 1,200 yalikuwa yakipokea asilimia 20 au zaidi kwa njia hiyo, wakati mwaka mmoja nyuma maduka ya namna hiyo yalikuwa 13 tu. Wastani wa siku ulificha saa mbili za asubuhi ambamo biashara nzima ya kahawa inaamuliwa. Mtu anayeweka mfumo wa namna hii mahali popote akipewa takwimu ya siku, aikatae, aombe ya kila robo saa.

Miaka iliyofuata sehemu ya simu ilipita asilimia 30. Mwaka 2024 Howard Schultz, mtu aliyeikuza kampuni hiyo, alikiri hadharani kwamba programu imegeuka udhaifu wake mkubwa. Brian Niccol aliyeshika uongozi Septemba 2024 aliweka shabaha ya dakika nne kwa kikombe, akapunguza idadi ya vitu katika agizo moja la simu hadi 12, na akaleta mpango wa kompyuta wa kupanga upya vikombe ili wa kaunta asimezwe na wa mbali. Mwaka 2025 kampuni ikatangaza kuachana na maduka yake ya kuchukulia tu. Kila hatua kati ya hizo ni kizibo kinachorudishwa. Wahudumu waliolalamika walikuwa wakisoma hesabu ileile, wakiwa wameshika mtungi wa maziwa mkononi.

Liko pia suala la kikombe chenyewe, ambalo wauza programu hawaligusi. Povu laini la maziwa hujitenga ndani ya dakika chache: juu panabaki sifongo, chini maziwa mepesi. Barafu inayeyuka na kuikata kahawa baridi. Programu ikimwambia mteja dakika nane naye akafika baada ya kumi na tano, anakunywa kitu ambacho barista hakukikusudia, na duka ndilo linalolaumiwa. Barista akingoja amwone mteja ndipo atengeneze, maana ya kuagiza mapema imekwisha. Ongeza makosa ya kawaida: mteja amechagua tawi lisilo lake kwa sababu simu ilikisia mahali alipo, au maziwa ya lozi yameisha na hakuna aliyeyaondoa kwenye orodha. Kaunta ingeyamaliza hayo kwa sentensi moja, “ya lozi hatuna leo, nikuwekee ya soya?” Kwenye simu inakuwa kughairi, kurudisha pesa na mteja mwenye hasira.

Upande wa pesa nao una mambo yake. Salio la Starbucks linanunua bidhaa za Starbucks na si kitu kingine. Mteja anayejaza salio analipa kwanza na kunywa baadaye, na mamilioni wakifanya hivyo, kampuni inakaa na takriban dola bilioni 1.7 za wateja bila kuwalipa riba. Sehemu ya pesa hizo haitadaiwa kamwe: dola mbili zimebaki kwenye akaunti ya mtu aliyehama mji, tatu kwenye kadi ya zawadi iliyosahaulika. Kwa mwaka wa fedha wa 2023 kampuni iliingiza kwenye mapato yake zaidi ya dola milioni 200 za masalio ya aina hiyo. Mwaka 2020 iliporuhusu kulipa moja kwa moja kwa kadi ya benki ndani ya programu, ilitoa nyota (pointi za zawadi) moja kwa dola, huku anayejaza salio kwanza akiendelea kupata mbili. Yote ni halali na yameandikwa kwenye vitabu vyake vya hesabu. Ila yanaonyesha ni nani hasa anayenufaika na haraka ya kutuondolea foleni.

Afrika Mashariki iliingia kwa mlango tofauti. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na huduma ya kuwalipa wafanyabiashara ikafuata 2013, kwa hiyo mteja wa Nairobi alizoea kulipia kahawa kwa simu huku akiendelea kuiagiza kwa mdomo. Anafika kaunta, anaagiza, anaingiza namba ya duka, kiasi na namba yake ya siri. Au mhudumu anamtumia ombi la malipo, yeye anaweka namba ya siri tu. Mteja hakatwi kitu kwa malipo ya namna hii. Duka hukatwa asilimia 0.55, na malipo yasiyozidi shilingi 200 hayana makato kabisa. Pesa ambayo hajaitumia inabaki yake: jioni inalipa nauli, inanunua umeme, inaenda kwa mama kijijini. Haigandi kuwa kahawa ya kampuni moja.

Matatizo yapo, na yanafahamika. Ujumbe wa uthibitisho huchelewa saa za msongamano. Mteja hukosea tarakimu moja akalipa duka la mtu mwingine. Wapo wanaoonyesha ujumbe wa kughushi, ndiyo maana mhudumu makini huangalia simu au mashine ya duka na hauamini ujumbe ulio kwenye simu ya mteja. Simu ya duka ikiwa mfukoni mwa bosi aliyeko safarini, kaunta nzima inasimama. Tanzania, Lipa Namba na msimbo wa pamoja wa TANQR vimepunguza vurugu ya kila mtandao na namba yake, lakini gharama za kutoa pesa bado zinamuuma mfanyabiashara mdogo. Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, Serikali ililazimika kuipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Na kahawa chungu ya kijiweni, inayomiminwa kutoka kwenye dele lenye makaa chini yake, bado ni ya sarafu. Muuzaji yule hana haja ya mfumo wa maagizo. Wateja wake anawaona wote, na kikombe kinajaa kwa sekunde tano.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba malipo ya simu yameshinda kwa haki, mradi fedha taslimu zisifukuzwe. Huko Marekani, jimbo la New Jersey na jiji la Philadelphia walipiga marufuku maduka yasiyopokea taslimu mwaka 2019, jiji la New York likafuata 2020, na Benki Kuu ya China ilikuwa imeonya dhidi ya kuzikataa tangu 2018, katika nchi ambayo karibu kila kitu kinalipwa kwa simu. Kuagiza kwa mbali kunahitaji masharti zaidi. Mgahawa wa Nairobi au Dar es Salaam unaotaka huduma hiyo uanze kwa kupima sekunde za mashine yake, siku ya kazi, saa mbili asubuhi. Ikitoa vikombe 12 kwa robo saa, simu zipewe vinne au vitano na si zaidi. Kinachohesabiwa ni vikombe, kwa hiyo agizo la watu sita ni sita. Nafasi zikijaa, programu impe mteja robo saa inayofuata na imwambie hivyo kabla hajalipa. Akikuta bidhaa imekwisha, pesa irudi alikoitoa, isigeuzwe salio la duka. Na kitufe cha kusimamisha maagizo kwa dakika kumi kiwe karibu na mashine ya espreso, barista akibonyeze bila kumpigia meneja simu kuomba ruhusa.