Kuni zibaki zilikokatwa

Kiangazi kimoja familia tatu tulipanga kwenda kulala kwenye mahema kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani. Shemeji yangu alifika gari limejaa: majiko, magodoro, watoto, na nyuma kabisa mzigo wa kuni alizopasua mwenyewe kutoka mti uliokufa uani kwake.

"Shemeji, kuni za kule ni ghali," aliniambia. "Na hizi zimekauka vizuri."

Nikachukua kipande kimoja nikabandua gome. Chini yake kulikuwa na njia zilizojipinda kama nyoka, zimeshindiliwa unga. Juu ya gome, vitundu vidogo vyenye umbo la herufi D. Nikamwomba azishushe zote.

Unga ule niliujua tangu utotoni. Nimekulia Tabora, na mkoa wetu ndiko dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, alikoonekana kwanza barani Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1980, akitokea Amerika ya Kati. Bibi alifungua kihenge akakuta magunzi na vumbi. Wengine walimwita mdudu yule Skania. Kufikia 1983 alikuwa ameshafika Taveta, Kenya, na hakufika kwa mabawa yake. Alipakiwa pamoja na mahindi. Mahindi yalipoisha, alikaa hata ndani ya fito.

Mdudu wa Michigan ni mbawakawa wa kijani kinachong'aa, hafiki sentimita moja na nusu. Alitambuliwa mwaka 2002 karibu na Detroit, na ng'ambo ya mto, Windsor, Kanada. Inaaminika aliingia kutoka Asia ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Mabuu yake hula chini ya gome la miti ya ashi (kwa Kiingereza ash), pale pale mti unapopitishia chakula na maji, na katika miaka michache mti umekufa umesimama. Imekufa mamilioni kwa mamilioni. Akiachwa aruke mwenyewe, huenda kilomita chache tu kwa mwaka. Nyuma ya gari husafiri kilomita mia tano kwa siku, amelala ndani ya kuni, na kukauka kwa kuni si dhamana kwamba amekufa.

Ndiyo maana Michigan iliwahi kuweka wakaguzi kwenye daraja la Mackinac, linalounganisha sehemu mbili za jimbo: ukitaka kuvuka kwenda rasi ya juu, ile ya kaskazini, kuni unaziacha. Jimbo la New York walikataza kuni zisizopikwa kwa joto zisisafirishwe zaidi ya maili 50, yaani kama kilomita 80, kutoka zilikokatwa, na zinazotoka nje ya jimbo sharti zipate joto la nyuzi 71 hadi ndani kabisa kwa dakika 75.

Tarehe 14 Januari 2021 serikali kuu ya Marekani iliondoa karantini yake ya mdudu wa ashi, yaani masharti ya kusafirisha mbao na kuni za mti huo, kwa kuwa alikuwa ameshaenea mno. Tangu hapo nawasikia Waswahili wenzangu huku wakisema sheria imekwisha, kila mtu abebe zake. Hapana, jamani. Kilichoondolewa ni karantini ya mdudu mmoja. Yupo mwingine wa Asia, mwenye vipapasio virefu, aliyegunduliwa Brooklyn, New York, mwaka 1996 na Worcester, Massachusetts, mwaka 2008. Huyo anaua mepo, mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na bado anawindwa. Na majimbo nayo yana masharti yake.

Kinachoniuma zaidi ni vikapu. Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, huponda gogo la ashi nyeusi kwa nyundo mpaka liachie kanda nyembamba, kisha husuka. Mimi niliyekaa miguuni pa shangazi akichana milala siwezi kuwaza siku ambayo milala haipo, na mtoto anafundishwa kusuka kwa maneno matupu.

Shemeji hakufurahi. Tulichoma kuni zake kule kule uani, wikiendi mbili za nyama choma, na kambini tukanunua mafungu getini. Kuhusu bei alikuwa na haki. Familia yenye watoto watano ikikuta fungu dogo linauzwa bei ya chakula cha mchana, itajaza kuni garini, ubao wa katazo uwepo usiwepo. Wenye hifadhi wapunguze bei hiyo, hata kama itabidi wauze kwa hasara, maana kukata miti iliyokufa barabarani kunawagharimu zaidi.