Mashine ya Boti na Pipa la Lita 200

Shemeji kapiga simu jana usiku, katikati ya habari, eti anakuja kuchukua mashine yake ya boti na "najua bado inanguruma." Anajuaje? Yeye yuko Mbita, kule Ziwa Victoria, mashine imelala chini ya ngazi za ploti yangu tangu Akinyi akiwa chekechea, na mende wamezaliana humo hadi vitukuu.

Sawa. Shemeji ni mtu wa heshima. Nikamwita fundi wa pikipiki pale steji. Akatoa plagi, akamwagia silinda oili kidogo, akavuta kamba polepole. Haijajam, Mungu mkubwa. Kabureta ndiyo aibu: petroli ya zamani imekauka ikawa ulimbo wa kahawia, jeti, kile kitundu cha petroli, haipitishi hata harufu. Impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji kwenye pampu, imekauka, mapezi yamejikunja. Nikaenda kutafuta nyingine; kule Grogani kila duka la spea linaniuliza "ya gari gani?" Mmoja akataka kujua ni ya kushoto au ya kulia.

Tukafika pa kuiwasha. Fundi anasema haina rejeta hii, inapozwa na maji ya ziwa; ukiiwasha kavu, impela mpya inaungua hujamaliza kushangilia. Lazima isimame ndani ya pipa, maji yafunike pampu. Pipa la lita 200. Eastlands, Nairobi. Siku ambayo si zamu yetu ya maji.

Keateka, mwangalizi wa ploti, akatokea. Sijui nani humwitaga.

"Baba Akinyi, hayo maji ni ya kufua?"

"Ya mashine."

"Mashine ya kufua?"

"Ya boti."

Akatazama barabara, akatazama mtaro. Nadhani alikuwa anatafuta bahari.

"Na itayanywa yote?"

"Hainywi. Inayavuta, halafu inayakojoa."

"Inakojoa wapi?"

Fundi, badala ya kunyamaza, akamwonyesha kwa spana: hapa nyuma, na isipokojoa, zima haraka. Mama wa nambari sita akasikia. Punde si punde watu wamejipanga na ndoo, wananiuliza kwa nini chuma kikojoe na wao hawana maji ya chai. Keateka akatoa daftari. Daftari! Bomba la choo lilipopasuka, daftari hilo halikuonekana, yeye mwenyewe hakuonekana, simu yake ilikuwa mteja hapatikani!

Jamani, Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Mashine imeacha maji yote hayo, imekuja kutafuta yangu, ya mkokoteni, mtungi shilingi 50, mitungi kumi.

Fundi akachanganya petroli na oili, hamsini kwa moja, akavuta kamba mpaka shati likalowa. Ikakohoa. Ikanguruma. Oili ile ya silinda ikatoka moshi wa bluu, ukapanda moja kwa moja hadi kwenye kamba za nguo, orofa ya tatu. Kukojoa, ilikojoa vizuri kabisa. Hakuna aliyepiga makofi.

Sasa orofa ya tatu wanataka nirudie kufua mashuka, kwa maji gani sijui, na fundi ametoweka na chenji. Shemeji kapiga tena: je, makanga wa basi la usiku atakubali kuibeba? Atakubali, ataikatia tiketi. Mimi si nimelipishwa nauli ya kuku, kuku niliyempakata kutoka Kisumu, na redio yao ilivyopiga kelele hadi Nakuru hata huyo kuku hakupata usingizi.